Iringa mpaka Lindi na ngoma ya Njombe: safari yetu ya fainali ya Lipuli

Jumatano 29/5/2019, Iringa mpaka Njombe

Tulikubaliana saa 6 mchana tukatoka saa 8 na nusu, mmoja wetu duka lake lilikosa mtu wa kukaa ikabidi tumsubiri mdogo wake atoke shule. Tuko saba kwenye Noah ya mjomba, dereva ni mjomba mwenyewe, kila mtu kachanga sh 80,000 ya mafuta, chakula na pa kulala kila mtu anajijua. Bendera ya timu yetu ya Iringa, Lipuli, tumeifunga kwa nyuma, pale Ipogolo kwenye mashine ya upepo jamaa wa bodaboda wakaanza kupiga honi, mmoja akatukimbilia dirishani akasema mkatulete kombe Wanapaluhengo (ndo jina letu la utani), nikajikuta nashindwa hata kumjibu maana koo lilikaba.

Wenzetu wengi wanapitia Morogoro na Dar halafu ndo washuke Lindi. Mjomba kagoma, ana mzigo wa mtu wa kushusha Songea, na anasema lami saivi inaunga Songea, Namtumbo, Tunduru mpaka Masasi, kwa nini ukakae foleni ya Dar na bendera ya Lipuli wakati kusini kuna barabara nyeupe. Mi nimefurahi kupita huku, nitaeleza mbele kwa nini.

Kwa ambaye hakufuatilia: Jumamosi hii tarehe 1 Juni ni fainali ya kombe la shirikisho la hapa nchini, Azam na Lipuli, uwanja wa Ilulu, Lindi. Bingwa anaenda Afrika, kombe la shirikisho la CAF. Lipuli! Timu iliyokaa nje ya Ligi Kuu miaka mingi, ikarudi 2017, leo iko mechi moja tu kabla ya kupanda ndege kwenda kucheza na Waarabu. Na nusu fainali hatukupewa mtu mwepesi, tulipewa Yanga ya kocha Zahera, tukaipiga 2-0 pale Samora, uwanja wetu wa Iringa, mwanzoni mwa mwezi huu. Paul Nonga ambaye Yanga waliwahi kuwa naye, na dogo Saliboko. Siku ile nilikuwa jukwaa la mzunguko, mzee mmoja jirani yangu simjui wala hanijui alinikumbatia akanichania mfuko wa shati, mpaka leo sijaushona na siushoni. Machi kwenye ligi tulikuwa tumeshawafunga 1-0 hapohapo Samora, kwa hiyo mtu asije akasema ilikuwa bahati.

Mafinga hatukusimama. Msitu wa Sao Hill ule wa misonobari ukianza watu ndani ya gari hunyamaza wenyewe, sijui kwa nini, kila nikipita naona hivyo. Makambako upepo kama kawaida yake, tumekula mahindi ya kuchoma tumesimama tumegeuzia upepo mgongo. Hapo njia panda ukinyoosha unaenda Mbeya, sisi tukakata kushoto.

Njombe tumefika saa 2 usiku, baridi ya kufa mtu. Tunalala kwa shemeji yangu aliyeoa dada yangu, nyumba iko si mbali na uwanja wa Sabasaba. Sasa huyu shemeji ndo sababu yangu ya kufurahia njia hii. Huyu alikuwa Njombe Mji damu. Timu ilipanda pamoja na Lipuli na Singida United msimu ule wa 2017/18, wakashuka msimu huohuo mmoja. Mwaka mmoja tu! Mimi na yeye mwaka ule tulikuwa tunapigiana simu kila wikiendi kutambiana, walivyoshuka simu za mpira zikakatika, tukawa tunaulizana habari za watoto na mbolea.

Usiku huu baada ya kula viazi na maharage akainuka kimya akaenda stoo, nikasikia anasogeza magunia ya mahindi, akarudi amebeba ngoma. Ile ngoma yao ya jukwaani! Ya ngozi ya ng'ombe, kubwa unaikumbatia kwa mikono miwili, ubavuni ilipakwa rangi sasa imebanduka, panya wametafuna kamba moja. Akaipiga kofi moja ikatoa sauti ya chini, akasema shemeji, hii ina mwaka mzima haijapigwa, nendeni nayo ikasikie watu. Halafu akatoka nje kuangalia ng'ombe.

Alhamisi 30/5, Njombe mpaka Tunduru

Saa 12 asubuhi tumeamkia chai ya maziwa na parachichi, dada katufungia njegere na viazi vya kuchemsha kwenye ndoo. Wakati wa kuagana "kamwene" (salamu ya kwetu) zilikuwa nyingi mpaka mjomba akawasha gari kutuharakisha. Ngoma haikuingia buti, buti lina mzigo wa Songea, kwa hiyo imekaa mapajani kwangu, na itakaa hapo mpaka Lindi.

Barabara ya Njombe kwenda Songea ni nzuri ila kona za Lukumburu zinataka heshima. Mjomba anafunga (ni mwezi wa Ramadhani, watatu kati yetu wanafunga) na bado anaendesha vizuri kuliko sisi tulioshiba. Pancha moja tulipata kabla ya Madaba, nusu saa tukawa tayari barabarani.

Songea saa 5 na nusu. Mzigo ukashushwa, nikaomba tupite uwanja wa Majimaji japo kwa nje. Mlinzi mzee wa kiume akatuona na bendera akafungua geti dogo, ingieni wanangu. Tukaingia. Nyasi zimeota vizuri tu, magoli yapo, kimya. Watoto wanne wanacheza chandimu pembeni ya goli la upande wa pili. Hawa Majimaji, Wanalizombe, walishachukua ubingwa wa Muungano miaka ya 80, wakati huo hao wakubwa wa Dar walikuwa wanakuja huku wanatetemeka. Na wao walishuka mwaka jana, msimu uleule na Njombe Mji. Kwa hiyo ukitoka Iringa kuja Songea, kilomita zaidi ya 400, umeshapita viwanja viwili vilivyokuwa vya Ligi Kuu mwaka juzi, na sasa hivi siku za Jumamosi zinaanikwa nguo uzioni.

Nikawaambia wenzangu mnaona, watu wa kwetu tunalalamika Lipuli haina hela, wachezaji wanacheleweshewa, sijui basi bovu, yote kweli, ila bado tuna Ligi Kuu, bado Simba lazima aje Samora. Timu za mikoa huku kwetu hazifi kwa kufungwa. Mwanzoni watu wanaacha kulipia kiingilio, baadaye mfadhili mmoja anachoka, halafu wachezaji wanaondoka mmojammoja, unakuja kushtuka imeshashuka. Mzee wa geti alikuwa anasikiliza, akasema hapa tulikuwa tunauza karanga mpaka zinaisha, akanyoosha kidole kwenye jukwaa. Hakusema kingine.

Tukapiga ngoma mle ndani kidogo. Wale watoto wakaja mbio.

Namtumbo tumepita tu. Pori refu, lami nyeusi, gari chache, jua linazama nyuma yetu. Waliofunga wamefuturu tende na maji barabarani mjomba kasimamisha gari dakika kumi. Tunduru saa 1 na nusu. Guest ya sh 10,000, neti ina matundu. Mwenye guest ni Yanga, alipoona bendera alikaa kimya muda mrefu halafu akasema nyinyi ndo mlitutoa, tukasema ndio baba, akasema basi mchukueni na huyo Azam ili na sisi tuonekane tulitolewa na bingwa.

Ijumaa 31/5, Tunduru mpaka Lindi

Leo ni siku ya mwisho ya rambo. Kuanzia kesho tarehe 1 mifuko ya plastiki marufuku nchi nzima, na kila stendi tuliyopita ndo habari ya mjini kuliko hata mpira. Masasi mama muuza korosho anazifunga kwa mifuko ya rambo kwa haraka kama anakimbizwa, anasema nunueni mbili mbili, kesho nitawapimia kwenye gazeti. Nilinunua nne.

Milima ile ya mawe ya Masasi ni kitu cha kukaa ukaangalia, sisi Iringa tuna Gangilonga tunaringa nalo, wenzetu wana mengi yamesimama kama watu. Ndanda tukanywa maji, Nyangao, Mtama, mikorosho na mikorosho, joto likawa linapanda kila baada ya kilomita kumi, masweta ya Njombe yakaanza kutupwa nyuma. Tulipofika njia panda ya Mnazi Mmoja tukakata kushoto, dakika kama ishirini hivi, mara bahari. Wawili kati yetu hawajawahi kuona bahari maishani mwao. Mjomba akasimamisha gari bila kuambiwa. Mmoja wao, mtu mzima ana watoto watatu, akashuka akanawa uso na yale maji, akaonja, akasema kweli ni chumvi.

Lindi mji mdogo mzuri, wa zamani, nazi kila kona. Ijumaa ya mwisho ya Ramadhani mji umetulia. Jioni tukafuturishwa na familia jirani na tulipofikia, hawatujui kabisa, wamesikia tu watu wa Iringa wamekuja kwa gari, wakatuletea sinia: mihogo ya nazi, tambi, uji wa pilipili manga na samaki wa kupaka. Baba mwenye nyumba ni Namungo. Hapa Lindi sa hizi watu wote ni Namungo, timu ya Ruangwa imepanda Ligi Kuu, msimu ujao nao wataonja. Anaulizia sana, wageni wakija kiingilio mnapanga vipi, hoteli ipi timu inalala, nyasi za Samora zikoje. Anauliza kwa furaha ya mtu aliyepata mtoto wa kwanza. Nilimjibu kila kitu nilichokijua. Nikamwambia na jambo moja zaidi, baba, hakikisheni watu wanakuja hata kwenye mechi na timu ndogo, sio Simba na Yanga tu.

Usiku ngoma imelegea. Unyevu wa baharini umeingia kwenye ngozi, ukipiga inalia bubu kama gunia. Nilihangaika nayo nikakosa usingizi.

Jumamosi 1/6, fainali

Asubuhi sokoni kweli rambo hakuna hata moja. Samaki wanafungwa kwenye makuti na magazeti, mtu mmoja kanunua dagaa kaondoka nao kwenye kofia yake.

Ile ngoma nikaipeleka kwa jamaa anayekaanga pweza karibu na ufukweni, nikamuomba moto wake. Akaielewa shida kabla sijamaliza kueleza. Aliigeuza mwenyewe, uso wa ngozi kwenye joto kwa mbali, anazungusha polepole, anaweka kiganja, anazungusha tena, anagonga kwa kidole, anasikiliza, bado, anazungusha. Kama robo saa hivi. Mara ikalia ti! kali, kavu, watu wakageuka. Nikataka kumpa elfu mbili akakataa, akasema akishinda mnyonge nitasikia hapahapa.

Ilulu tukafika mapema tukakaa pamoja na wenzetu waliopitia Dar, wengine walifika usiku wa manane hawajalala. Azam nao wana watu wao ila kelele zilikuwa zetu, na Walindi wengi wakatuunga mkono, mtu wa mkoani akiona mkoa mwenzake anacheza na tajiri hahitaji kuambiwa akae upande gani. Mbao ya Mwanza 2017 alifika fainali kama hii akafungwa na Simba 2-1 Dodoma. Singida United mwaka jana Arusha akafungwa na Mtibwa 3-2. Nilikuwa nawaza hayo wakati timu zinapasha, nikasema mwaka huu lazima ikatike.

Kipindi cha kwanza 0-0. Vijana wa Matola wamekaa kwa nidhamu, nafasi zimezibwa, mstari wa nyuma unapanda na kushuka pamoja, huyu kocha alikuwa kiungo na timu yake unaiona inacheza kama kiungo anavyofikiri. Napiga ngoma mkono unawaka moto. Mapumziko nikampigia shemeji Njombe, nikainua simu juu, nikapiga mapigo kumi hivi, nikaweka sikioni, nikasikia anacheka, anasema naisikia, naisikia, redio inasema 0-0 eti ni kweli?

Kipindi cha pili Chirwa akafunga. Obrey Chirwa. Yani mtu ukimpa nusu nafasi kwa mechi nzima anakuadhibu, ndo tofauti ya Azam na sisi, sisi tunatafuta bao kwa watu kumi na moja, wao wana mtu mmoja amelipwa kwa kazi hiyo tu. Upande wetu ulinyamaza labda sekunde tano. Nilishangaa mikono yangu imeanza tena kupiga kabla sijafikiri, na watu wakaitikia, tukaimba mpaka mwisho. Tulisogea, tulitafuta, mipira mirefu, kona, watu wote juu. Haikuingia. 1-0, kombe la Azam, Afrika wanaenda wao.

Vijana walikuja upande wetu kupunga mikono, wengine wamefunika nyuso na jezi. Mzee mmoja wa Kihesa aliyepitia Dar alikuwa analia waziwazi bila kujifuta, anasema mmetufikisha, mmetufikisha. Na mimi nalia. Sioni haya kuandika hivyo.

Nitasema ninavyoamini mimi: hatukuzidiwa mpira, tulizidiwa benchi. Ikifika dakika ya 60 mwenzako anainua mtu wa timu ya taifa, wewe unainua kijana ambaye mshahara wake bado. Na kinachoniumiza zaidi ni kwamba timu hii haitakaa pamoja, nani ataacha kumchukua Sonso, nani ataacha kumchukua Miraji, wakubwa walikuwepo wanaangalia. Nawatakia heri, wana familia. Ila mtu anayesema Lipuli imefungwa fainali tu imalizike, hajui tumebeba nini kuja huku na tunarudi na nini.

Usiku Lindi nzima kibanda umiza, Liverpool na Tottenham, fainali ya Ulaya saa 4 usiku. Penati ya Salah dakika ya pili tu, Origi akamaliza mwishoni, 2-0, vijana wa Liverpool wakakimbia mpaka baharini. Nilikaa nikaangalia yote. Sikumbuki vizuri.

Jumapili 2/6, Lindi mpaka Songea

Tumeondoka saa 11 alfajiri. Muuza pweza alikuwa anawasha moto wake, akapunga mkono bila kusema kitu. Siku nzima gari, watu hawaongei sana, redioni wanazungumzia Taifa Stars na AFCON ya Misri, mara ya kwanza tangu 1980, na hiyo nayo ni furaha, kuanzia Masasi tukaanza kubishana kikosi na watu wakachangamka kidogo. Songea saa 12 jioni. Kulala.

Jumatatu 3/6, Songea mpaka Njombe mpaka Iringa

Njombe tulifika saa 5 asubuhi. Njia nzima nilikuwa na mawazo ya ile ngoma. Wenzangu walishaamua, wanasema shemeji atatuachia tu, kwake inaliwa na panya, sisi tuna Ligi Kuu tuna pa kuipiga, tumpe hata elfu thelathini ya shukrani. Nilikubali ingawa roho haikutulia.

Shemeji alikuwa nje anapanga viazi kwenye magunia. Pole nyingi, kamwene, kamwene, akamshika mjomba mkono muda mrefu. Halafu akaichukua ngoma mapajani mwangu kabla sijashuka. Akaigeuza akaiangalia ngozi katikati pale panapopigwa, pamekuwa peupe pamelainika, ukingoni pana alama ya kahawia ya moto wa pweza. Akapapasa ile alama kwa kidole gumba, akauliza hii ni nini, nikamueleza. Akasema ilipigwa kweli.

Mwenzetu mmoja akaanza, shemeji sisi tulikuwa tunaona kwamba... akamkatisha palepale. Hapana. Hii yangu. Na sisi tuna ligi yetu, ya chini ni ya chini lakini ligi, mwezi wa tisa mkija mtatukuta Sabasaba. Akaita mtoto alete msumari na nyundo, akapigilia ukutani hapo barazani, juu kidogo panya wasifike, akaitundika kwa ile kamba mpya niliyoinunua Masasi. Akarudi nyuma hatua mbili kuiangalia kama imenyooka.

Tukanywa chai tukaondoka. Makambako upepo, Mafinga mvua nyepesi, Ipogolo saa 11 jioni, yule wa bodaboda yupo palepale, akatuona, akapiga honi.